Nina laki mbili na nusu, nataka faili zangu zisipotee tena. Nifanyeje?

Mchora_Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, kazi nafanyia nyumbani hapa Dar. Wiki tatu zilizopita diski ya laptopu yangu (hard disk, pale faili zinapokaa) ilianza kulia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Nikaizima, nikaiwasha, ikakubali. Nikasema afadhali. Kesho yake nikaiwasha tena, ikalia vile vile, ikagoma moja kwa moja. Nikampelekea fundi. Fundi akafungua mfuniko wa diski pale pale mezani, feni inapuliza, vumbi la barabarani linaingia, akagusagusa ndani kwa bisibisi halafu akaniambia, "Bosi, hii imekufa." Michoro ya miaka sita ilikuwa humo.

Kinachoniuma zaidi ni ile ya zamani. Mteja wa mwaka 2021 amenipigia anataka ramani yake, kuna chumba anaongeza na kibali kinamdai mchoro wa awali. Nimemwambia niko safarini. Mpaka leo bado niko safarini.

Halafu niseme na ujinga wangu. AutoCAD, programu ninayochorea, ukisevu inaacha faili la akiba la .bak pembeni ya lile la mchoro lenyewe, .dwg. Mara kadhaa liliniokoa: unabadilisha tu herufi za mwisho, mchoro unafunguka. Basi nikajiona mtu mwenye bakapu, yaani nakala ya akiba. Kumbe .bak na .dwg walikuwa wanalala kitanda kimoja.

Sasa nina laptopu nyingine. Nimeokota kazi kutoka kwenye barua pepe, WhatsApp za wateja na flashi za zamani, nimefikisha kama GB 60. Picha na video za familia ziko kwa mke wangu, GB 290. Makorokoro mengine GB 30. Jumla GB 380.

Bajeti ni laki mbili na nusu, natoa mara moja. Malipo ya kila mwezi siyataki, najijua, mwezi wa tatu nitasahau. Intaneti ninayo, ila kupandisha inacheza kwenye Mbps 3. Nisaidieni, nisije nikanunua kitu halafu nikarudi hapa kulia tena.

Kijiwe_Cha_Nongwa

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ngoja waje wenye fani. Pole lakini, mkuu, hiyo ya "niko safarini" imenigusa pabaya.

Dogo_Gadgeti

Mkuu mbona rahisi. Kariakoo kuna flashi za TB 2 kwa elfu thelathini na tano. Chukua tano, moja ya kazi, moja ya picha, zingine akiba. Chenji unabaki nayo.

Bi_Makabati

Dogo_Gadgeti, mwanangu, usimpeleke mwenzio shimoni.

Flashi ya TB 2 kwa elfu thelathini na tano haipo. Kinachouzwa ni flashi ya GB 16 au 32 ambayo kichipu chake kimefundishwa kusema uongo. Unaichomeka, Windows inaiuliza una ukubwa gani, inajibu TB 2. Unanakili GB 100, zinaingia zote bila kelele, majina ya faili unayaona, ukubwa unauona. Kilichozidi uwezo wake halisi kimeandikwa juu ya kingine au hakikuandikwa popote. Utakuja kujua siku unafungua.

Kipimo kipo, programu ndogo ya bure inaitwa H2testw. Inajaza diski yako yote kwa faili za GB 1 moja moja, halafu inazisoma moja baada ya nyingine kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Kwa Linux na Mac ipo F3. Shemeji yangu mmoja alininunulia "SSD ya TB 16" (SSD ni diski isiyo na kinachozunguka ndani) inang'aa, nzuri ajabu, ina kebo yake na kiboksi. Nikaiweka kwenye H2testw kabla ya kumshukuru. Nilipoifungua na kisu ndani mlikuwa na kadi ya memori ya simu, ile ndogo, imebandikwa kwa gundi kwenye kibao cha USB.

Kitu chochote cha kuhifadhia unachonunua, kipya au cha mkononi, kipime kwanza. Kinaweza kuchukua usiku mzima, acha kichukue.

Dogo_Gadgeti

Mama yangu. Na ninayo moja hapa. Ngoja nikaijaribu.

Kaka_wa_Tegeta

Mi naona watu mnazunguka mbuyu. Karne hii bakapu ni klaudi, faili unaziweka mtandaoni. Google wanakupa GB 15 bure, OneDrive GB 5, Dropbox GB 2, MEGA GB 20. Ukitaka zaidi unalipia. Hizi habari za kubeba madiski ni za enzi za kaseti.

Mchora_Ramani

Kaka_wa_Tegeta, nilianza huko. Nikapiga hesabu ikanikata maini. GB 380 kwa Mbps 3 ni zaidi ya siku 11, usiku na mchana, umeme usikatike na mtoto asifungue YouTube. Na siku diski ikifa lazima nizishushe zote tena. Au nimekosea hesabu?

Bi_Makabati

Hujakosea. Ila swali umelianzia mwisho. Kabla ya kuuliza uweke wapi, uliza kipi kikipotea hakipatikani tena.

Mimi nimefanya kazi ya masjala miaka mingi, kwanza makaratasi, baadaye kompyuta. Mtu akija kuniambia ana GB 380 namwambia hebu tukae, tufungue. Nusu saa nzima tunafungua folda. Huwa tunakuta muvi, programu za kusakinisha ambazo zinapatikana mtandaoni, video ile ile ya harusi mara tatu kwa majina matatu, "Folda mpya (7)". Hivyo havihitaji ulinzi, vinahitaji kufutwa.

Ukishachambua, gawa mafungu kwa namna unavyovitumia. Kwako wewe nadhani ni hivi: kuna michoro inayoendelea sasa, ya wateja ambao bado hujawakabidhi. Hiyo inabadilika kila siku, na sidhani kama inazidi GB 10. Kuna michoro iliyokwisha, haibadiliki tena lakini mwenyewe anaweza kuja baada ya miaka mitano. Na kuna picha za familia, nazo hazibadiliki, zinaongezeka tu.

Fungu la kwanza ndilo la klaudi, tena ile ya bure. GB 9 kwa Mbps 3 ni kama saa 7, usiku mmoja tu, na baada ya hapo inapanda ile iliyobadilika peke yake. Kumbuka GB 15 za Google unagawana na Gmail na picha za simu. Tangu Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa, hata zile zilizopunguzwa ubora, kwa hiyo angalia kwanza imebaki nafasi kiasi gani. Mafungu mengine mawili ni ya diski za nje. Nasema diski, wingi.

Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha, aliyeieneza ni Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za mahali pa kuhifadhia, na moja ikae mbali na nyumbani. Watu wengi hukumbuka tatu na mbili. Ile moja ya mbali ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayokuja kukuokoa.

Kaka_wa_Tegeta

Naafiki kiasi. Lakini diski ni chuma, inakufa. Klaudi haifi.

Mwana_wa_Unguja

Kaka wa Tegeta, klaudi nayo ni diski za mtu mwengine, sheikh. Machi 2021 jengo zima la seva za kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua moto, wapo waliopoteza kila kitu kwa kuwa hawakuweka nakala pahala pengine. Na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sisi huku tulikuwa tunaitazama klaudi kama tunavyoitazama Comoro: ipo, lakini huendi.

Mie sisemi msitumie. Mie mwenyewe naitumia. Ila isiwe peke yake.

Na nyie wa pwani, hewa ya chumvi inakula vichomeo vya USB. Diski yangu ya mwanzo ilikuwa nzima, kebo ndiyo iliyoota kutu, nami nikadhani diski imekufa, karibu niitupe. Siku hizi naitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokaa ndani ya boksi la viatu. Msivitupe vile.

Fundi_Mstaafu

Naomba nitetee kidogo fani yetu, japo aliyeifungua ile diski mezani hana utetezi. Mkuu Mchora_Ramani, diski ikianza tik tik, kichwa cha kusomea kinashindwa kupata njia yake. Kila ukiiwasha kinazidi kukwaruza. Pale unazima, huwashi tena, unaanza kutafuta anayejua. Sahani zake zinazunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kuifungua kwenye chumba cha feni ni kama kumpasua mgonjwa stendi ya daladala.

Sasa la bei. Usinunue eksteno (diski za nje) mbili mpya, bajeti haitoshi. Nunua moja mpya ya TB 1. Ya pili itafute kwenye laptopu mbovu. Mafundi wengi tuna diski za GB 500 zilizotolewa kwenye laptopu watu walipohamia SSD, tunaziuza bei ya soda. Unanunua na kava lake la USB 3.0, unachomeka, basi tayari ni eksteno. Kabla hujalipa mwombe fundi aichomeke na afungue CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Angalia mistari miwili: "Reallocated Sectors" (sehemu zilizokufa zikabadilishwa) na "Current Pending Sector" (sehemu zinazosuasua). Zote zikisoma sifuri, chukua. Pending ikiwa na namba yoyote, rudisha, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mamaye.

Kijiwe_Cha_Nongwa

Kwa nini asichukue SSD? Haina sahani, haina kichwa, ikianguka inanyanyuka.

Fundi_Mstaafu

Ya kutembea nayo kwenye begi, sawa. Ya kuweka kabatini miaka, hapana. SSD inashikilia data kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani, ukiiacha muda mrefu bila kuichomeka, tena kwenye joto la kabati la Dar, ile chaji huvuja taratibu. Na ikifa haikupi tik tik, inakata kauli tu. Halafu kwa fedha ile ile unapata diski ya sahani (HDD) yenye nafasi kubwa zaidi. Kwa kabati, diski ya sahani bado ndiyo mke mkubwa.

Mama_Junia

Jamani mimi naomba niseme yaliyonikuta mwaka 2019 maana naona hapa anatajwa mtu wa AutoCAD.

Mume wangu naye alikuwa anachora. Programu yenyewe ilikuwa ya kriki, yaani ya wizi iliyovunjwa kufuli, kashusha mtandaoni, ikadai uzime kwanza kilinda virusi, akazima. Jioni tukaona kila faili limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni, halifunguki. Kila folda ina karatasi jipya, _readme.txt. Humo wanasema lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni nusu, dola 490. Eti punguzo! Kama duka la vitenge.

Eksteno tulikuwa nayo. Tatizo ilikuwa imechomekwa siku zote, yeye aliona ndiyo usalama, kila dakika inajinakili. Nayo ikaliwa yote. Kilichopona ni CD tatu za picha za ubatizo wa Junia ambazo nilikuwa nimezitundika dirishani kufukuza ndege.

Kwa hiyo diski ikishamaliza kunakili, ichomoe. Usiiache ining'inie.

Bi_Makabati

Mama_Junia amesema jambo ambalo ningeliandika kwa wino mwekundu. Ile familia ya virusi inaitwa STOP au Djvu, na mlango wake mkuu ni hizo hizo kriki. Inafunga kila diski inayoiona, pamoja na folda zinazojilandanisha na klaudi: faili likiharibika kwako, lililoharibika linapanda juu likakalia lile zima. Hapo ndipo watu wanapochanganya kulandanisha na kuhifadhi. Ukifuta kwenye laptopu, Drive nayo inafuta. Inakaa kwenye pipa la taka siku 30, halafu kwaheri.

Ndiyo maana nakala inayokaa haijachomekwa haina mbadala. Virusi havirukii kabatini.

Mchora_Ramani

Nimeishiwa nguvu. Na mimi AutoCAD yangu... tuendelee tu.

Swali: kunakili kwenyewe mnafanyaje? Nikiburuta folda kwa mkono kila Jumamosi, Windows inaniuliza nibadilishe au niruke, nabofya tu mradi iishe.

Mzee_wa_Komandi

Windows ina robocopy ndani, amri ya kunakili faili, bure, hununui kitu. Fungua notipadi, andika mstari huu mmoja, usevu kama nakala.bat:

robocopy D:\Michoro E:\Michoro /E /XO /R:1 /W:1

E: ni eksteno yako. /E inachukua folda zote hadi tupu, /XO inaruka faili ambalo kule liko jipya kuliko la huku. Hizo R na W usiziache. Bila hizo, ikikuta faili limefunguliwa na programu nyingine itasubiri sekunde 30 ijaribu tena, na imepangiwa kujaribu mara milioni moja. Utaamka asubuhi imekaa pale pale.

Kuna swichi moja inaitwa /MIR. Hii inafanya kule kufanane na huku kabisa, yaani kisichokuwepo huku inakifuta kule. Niliwahi kuitumia saa nane usiku, nimechoka, nimegeuza D na E. Diski ilikuwa mpya, tupu. Robocopy ikaona chanzo hakina kitu, ikafanya laptopu yangu ifanane nacho. Ilichukua kama dakika moja na nusu. Nilikuwa naangalia mistari inapita nikifikiri ni faili zinanakiliwa, tena nikasema moyoni, "leo iko haraka."

Kijiwe_Cha_Nongwa

"Leo iko haraka" 😂 pole mzee wangu, nimecheka kwa dhambi.

Kaka_wa_Tegeta

Asiyependa komandi atumie FreeFileSync. Ni ya bure, inakuonyesha pande mbili kabla ya kufanya lolote, kulia na kushoto, unaona mshale unaelekea wapi. Chagua ile ya "Update", achana na "Mirror". Na ina sehemu ya kutunza matoleo ya zamani: faili likibadilishwa, la zamani linahamishiwa folda nyingine badala ya kufutwa. Hapo hata ukiharibu mchoro Jumatatu ukagundua Ijumaa, wa Jumapili upo.

(Naona nami nimehamia kambi ya madiski.)

Msafiri_Muscat

Nawasoma kutoka huku Omani. Kwa wenye kipato cha dola kuna huduma kama Backblaze, unalipa kama dola 99 kwa mwaka, inapandisha kompyuta yote bila kikomo cha ukubwa. Mimi ninayo kwa sababu intaneti ya huku inaruhusu. Kwa Mbps 3 na bajeti ya laki mbili na nusu mara moja, nisingemshauri ndugu yetu.

Nilichotaka kusema ni akaunti. Kaka yangu alipoteza Gmail yake, si kwa virusi. Laini ya simu aliyosajilia ilikaa muda haitumiki ikafungwa, akabadilisha simu, Google ikataka kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ambayo sasa hana. Picha zipo, yeye yuko nje ya mlango. Zile namba za akiba ambazo Google wanakupa uzichape, zichape kwenye karatasi, weka na cheti cha ndoa. Na akaunti isiyoguswa miaka miwili wana ruhusa ya kuifuta, wameanza Desemba 2023.

Mwana_wa_Unguja

La akaunti limenikumbusha la ufunguo. Laptopu mpya za Windows 11 nyingi zinafunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows yenyewe, mwenyewe hata hujui. Siku ubao mama ukiungua, fundi atakutolea diski, ataichomeka kwengine, itamdai tarakimu 48 za ufunguo. Ingia leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, zitafute, uzinakili. Mie nilimsaidia jirani, tulizipata, lakini alikuwa keshalia kilio cha mwanzo na cha pili.

Mchora_Ramani

Nimezikuta! Kweli ilikuwa imefungwa na sikuwa najua. Nimeziandika kwenye daftari la mke wangu la mapishi, ukurasa wa maandazi. Hakuna mwizi atakayetafuta hapo.

Nakala ya mbali sasa. Diski ya pili niiweke wapi? Nina meza ya ofisi ya rafiki pale Kariakoo.

Fundi_Mstaafu

Sokoni Kariakoo paliungua Julai 2021, usiku mmoja, na wapo waliokuwa na daftari la madeni na nakala yake kwenye fremu hiyo hiyo. Peleka kwa ndugu, mji mwingine kama unaweza. Na isikae chini sakafuni, kama nyumba iko bondeni mvua zikija zinaingia ndani. Juu ya kabati.

Dogo_Gadgeti

Nimerudi. H2testw imemaliza. TB 2 yangu ni GB 29. Muuzaji kaniambia "inategemea na kompyuta".

Mchora_Ramani (wiki tano baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, naona kuna watu PM wananiuliza.

Kwanza nilichambua. Nilijipa Jumapili mbili na mke wangu. GB 380 zimebaki 214. Video ya send-off ya wifi yangu ilikuwa mara nne, na moja kati ya hizo nne ndiyo pekee yenye sauti, kwa hiyo msifute kabla ya kufungua.

Nilichonunua: eksteno mpya TB 1, laki moja na sitini na tano. Diski ya GB 500 kutoka kwa fundi, elfu arobaini, nimeikagua mbele yake, sifuri na sifuri. Kava, elfu kumi na nane. Jumla 223,000. Zote mbili nilizipima usiku kucha. Nilizifomati kwa mpangilio wa exFAT, maana ya kwanza ilikuja na ule wa zamani, FAT32, ikakataa video ya GB 6. Kule faili moja halivuki GB 4, na ujumbe wake ni wa ajabu, inasema faili ni kubwa mno wakati diski iko tupu.

Michoro inayoendelea, GB 9, iko Drive ndani ya kasha la Cryptomator, Google hawaoni ndani. Ilipanda usiku mmoja kama Bi_Makabati alivyosema. Eksteno naichomeka Jumamosi, FreeFileSync, naichomoa.

Sasa yale yaliyonifanya nirudi kuandika. Bi_Makabati alinitumia ujumbe pembeni: "Umeshafungua?" Nikamjibu, ndiyo, naona faili zote. Akasema hapana, fungua kwenye kompyuta isiyo yako. Akanipa na kisa cha GitLab, kampuni kubwa ya waandika programu, Januari 2017: walifuta kanzidata yao kwa bahati mbaya, wakaziendea njia zao tano za kuhifadhi nakala, hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi sawasawa. Waliponea kwenye nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa shughuli zake nyingine.

Nikachomeka eksteno kwenye laptopu ya rafiki yangu, mchoraji mwenzangu. Nikafungua mchoro wa ghorofa moja wa mteja wa Goba. Ulifunguka. Kuta zipo, vipimo vipo. Lakini ramani ya kiwanja chini yake haipo, palipotakiwa kuwa na mipaka kuna maandishi tu, C:\Users\ na njia ndefu ya laptopu yangu. Fonti nazo zimegeuka alama za kuuliza. Wachoraji mtanielewa: xref zote (michoro mingine inayoitwa ndani ya mchoro) nilikuwa nimeziita kutoka folda ya Downloads, na Downloads sikuwahi kuinakili, niliiona jaa. Mchoro 1 kati ya 3 niliojaribu ulikuwa mzima.

Nimerudia yote. Sasa nikikabidhi kazi natumia eTransmit ya AutoCAD, inakusanya mchoro, xref na fonti kwenye zipu moja, hiyo ndiyo inayoingia kwenye diski. Nikaenda tena kwa yule rafiki. Michoro 10, imefunguka 10.

Ile ya GB 500 imeondoka leo alfajiri na basi kwenda kwa dada yangu Morogoro, imeviringishwa kwenye kanga katikati ya ndoo ya dagaa. Nimeifunga na VeraCrypt, programu ya kufunga diski kwa nenosiri. Kila nikienda kusalimia nitabeba hii ya huku na kurudi na ile. Dada amepiga saa tano: "Mdogo wangu, kidude kimefika. Junior anauliza kama kina muvi."

Bi_Makabati

Ikiwa VeraCrypt umefunga diski nzima, Junior akiichomeka kwenye Windows itamwambia diski haijafomatiwa, je, aifomati? Na atabofya ndiyo. Mpigie dada sasa hivi.

Mchora_Ramani

Nampigia. Inaita.

Mchora_Ramani

Amepokea. Iko juu ya kabati. Amenisomea alichobandika, plasta na maka peni: SI YA MUVI. NI YA MJOMBA. USIGUSE.

Na yule mteja wa 2021 nimemwambia nimerudi safari. Jumamosi naenda kupima nyumba yake upya kwa futi, bure.